Mechi Niliyomshinda Severini

Nyinyi mnaopita hapa barazani kwangu jioni, viatu vya kuchezea vimening'inia shingoni, mmeniuliza mara nyingi kama ni kweli nililipwa mshahara kwa kucheza mpira wa kikapu enzi za Mwingereza. Ni kweli. Mmoja wenu alicheka, akasema babu anaota. Simlaumu. Hata mimi nikifikiria mtu mzima kulipwa kwa kutupia mpira kwenye pete ya pipa, tena Mbeya, tena miaka ya hamsini, naona kama ni habari za mtu mwingine. Basi nimeomba daftari kwa mjukuu wangu, niwaandikie. Nitaandika kama yanavyonijia, maana hayaniji kwa mpangilio.

Nianze na mpira wenyewe. Wetu ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba kama kiatu, na ndani una tyubu. Ukinyeshewa ulikuwa mzito kama boga, na Mbeya ikianza kunyesha haijui kuacha. Kwa hiyo tuliupaka mafuta ya kondoo jioni, ngozi ikanywa, asubuhi tukaufuta kwa gunia mpaka mkono unashika. Wiki yangu ya kwanza kazini nilipewa kazi hiyo, nikaupaka vizuri, nikasahau kuufuta. Mechi ya kirafiki ikaanza. Mpira ulimteleza kila aliyeugusa kama sabuni, ukampita refa, ukaingia jikoni kwa tajiri wetu na kuangukia sufuria ya mchuzi. Tajiri alicheka mpaka akakaa chini. Mke wake hakucheka, na mimi sikukaribishwa chakula katika nyumba ile mwaka mzima.

Tajiri alikuwa Mgiriki mwenye malori ya kubeba mbao na tumbaku. Sisi tulimwita Bwana Tairi. Kwao alicheza mchezo huu ujanani, akavunjika goti, na goti lile akaja nalo huku pamoja na mapenzi yake. Alisawazisha uwanja nyuma ya gereji, akamwaga oili chafu ili vumbi litulie, akasimamisha nguzo mbili na kupigilia mbao za mninga. Iringa alikuwako binamu yake mwenye kiwanda cha kupasua mbao, naye akawa na timu yake. Binamu hao walipendana, lakini mechi ikikaribia hawakusalimiana. Kila mmoja alitafuta vijana warefu kama wengine wanavyotafuta ng'ombe wa maziwa. Mimi niliandikwa kwenye karatasi kuwa fundi tairi. Asubuhi niliziba pancha mbili tatu ili mafundi wenzangu wasininunie, mchana nilikuwa uwanjani. Kazi yangu ilikuwa kumfunga binamu wa Bwana Tairi.

Mchezo nilifundishwa shule ya misheni, karibu na kwetu Iringa, na Bruda mmoja mfupi, mwenye ndevu, aliyekuwa pia fundi seremala. Yeye mwenyewe hakuweza kuruka hata juu ya gogo. Lakini alinipa somo moja ambalo nawapa na nyinyi, na mkilishika mtawakaba watu wawazidio mbio. Mtu mwenye mpira usimtazame macho, alisema. Macho yanadanganya, mikono inadanganya, kichwa ndicho kidanganyifu kuliko vyote. Mtazame kiunoni. Kiuno hakijui kudanganya, kinakokwenda ndiko mtu anakokwenda. Alitusimamisha mmoja mmoja mbele yake, yeye akicheza kichwa na mabega kama mlevi, na sisi tukitazama mkanda wa kanzu yake tu. Nilikuwa hodari wa jambo hilo. Mtu akinichezea ujanja nilikuwa nikijua kabla yeye mwenyewe hajajua.

Sasa nije kwa baba yangu, maana nisipomwandika yeye, hayo mengine ni porojo.

Baba alikuwa Mhehe wa zamani, mkulima, aliyerudi kutoka vitani Bama, huko Asia, na mguu unaochechemea na kabuti la jeshi ambalo hakulivua, kiangazi wala masika. Alinisomesha ili niwe mwalimu. Mwaka wangu wa mwisho shuleni alikuja misheni na kibuyu cha asali kumshukuru Bruda, akanikuta uwanjani, nimevaa kaptura fupi, naruka mbele za watu, wanafunzi wananipigia makofi. Alisimama kidogo. Kisha akakiweka kibuyu chini ya nguzo ya uwanja, akageuka, akaenda zake bila kumsalimu mtu. Mwezi uliofuata nilikwenda nyumbani kumwambia kwamba siendi kusomea ualimu, nimepata kazi Mbeya, kazi ya mpira. Hakupiga kelele. Aliniambia mtu mzima halipwi kwa kuruka. Akasema niende, ila nisikanyage uani kwake mpaka atakaponiita mwenyewe.

Nilidhani ni hasira za mwezi mmoja. Mwaka ulipita, ukapita wa pili. Nilimtumia blanketi, likarudi. Nilituma salamu kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa akimpikia tangu mama afariki. Jibu lilikuwa hilo hilo: hajakuita. Kwetu mzazi aliyemkasirikia mtoto ana namna ya kuimaliza hasira. Anachukua maji kinywani, anampulizia mtoto kifuani, na jambo limekwisha, hakuna anayelitaja tena. Nilikuwa nayatamani maji hayo kuliko kikombe chochote cha ushindi. Wenzangu gereji hawakujua. Waliniona nacheka tu.

Mtu pekee niliyemwambia alikuwa Severini, Mngoni wa Songea, mchezaji wa binamu wa Iringa. Yeye ndiye aliyekuwa akinikaba kila mechi. Hakuwa mrefu, lakini alikuwa na mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi.

Nyinyi vijana wa sasa utani mmeubakiza katika simu, kutaniana Simba na Yanga. Wa kwetu ulikuwa kitu kingine. Babu zetu Wahehe na babu zao Wangoni walipigana sana, na baada ya kuchoka kuuana wakawa watani. Mtani anaweza kuingia kwako akakamata kuku, akaondoka naye, na wewe huruhusiwi kununa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Lakini pia ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha waliolia mpaka wakakauka, na ndugu wakigombana na kushindwa kusemeshana, anatumwa yeye, kwa kuwa mtani hafukuzwi. Hilo la mwisho nililijua tangu utoto. Siku nilipolihitaji nikalisahau.

Severini alinitania kila tulipoonana. Aliuliza kama mbwa wa kijiji chetu wamebaki wangapi, maana Wahehe tunataniwa kula mbwa, na tukiwamaliza tutahamia wa Mbeya. Mimi nilimjibu kwamba babu zake walikimbia mpaka wakasahau ngao zao, tunazikokea moto. Tulipendana. Mechi moja Iringa, mwaka wangu wa pili, mimi nina mpira mkononi, tumebakiwa na muda kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba yako yuko pale nyuma ya nguzo, amekuja kukutazama." Niligeuza shingo. Jamani, niligeuza mwili mzima. Severini akaunyakua mpira, akaenda kufunga. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao, maana ndiyo sheria ya utani. Lakini nilipopanda lori kurudi Mbeya nilikaa nyuma kabisa juu ya magunia, nikajifunika koti usoni. Niseme wazi, nililia kama mtoto, kwa sababu katika ule muda wa kugeuza shingo niliamini.

Tandiboi wetu, msaidizi wa dereva, aliniona, akamwambia Severini walipokutana. Severini hakuniomba radhi, mtani haombi radhi. Alifanya jambo jingine ambalo sikulijua mpaka likawa halina faida, na nitalisema likifika mahali pake.

Ilifika mechi ya mwaka wa tatu, Mbeya, kwetu. Binamu wote wawili walikuwa wamealika Wagiriki wenzao mpaka wa Chunya kwenye dhahabu. Bwana Tairi aliniambia kwamba tukishinda atanipa usimamizi wa gereji ya Mbalizi, niwe na nyumba na bustani. Timu ya Iringa ilifika Ijumaa alasiri, wamejaa vumbi jekundu mpaka kope. Severini alishuka wa kwanza. Hakuwasalimu wenzangu. Alinijia moja kwa moja nilipokuwa nafuta mpira.

"Mhehe, baba yako anakuita," alisema.

Nilicheka. Nilimwambia safari hii hanipati, atafute shingo nyingine ya kugeuza.

"Amelala. Hajala tangu Jumanne. Amenituma mimi, amesema nikuite. Kesho asubuhi kuna basi, panda."

"Nikipanda basi, kesho atakukaba nani? Utashinda bure."

"Niache nishinde, basi. Wewe nenda."

Wenzangu walipasuka kwa kicheko. Walisema Mngoni huyu safari hii ameongeza ujanja, anataka kumwondoa mchezaji mjini kabisa. Mimi nilicheka zaidi yao. Nilimtazama usoni nione kama atashindwa kujizuia, nikaona midomo imekaza, nikajiambia amejifunza kuuficha uso wake. Uso, vijana wangu. Mimi niliyefundishwa nisitazame uso. Severini alisimama pale miguu imeungana, mwili wake wote umeelekea barabara ya Iringa, mkono mmoja umeshika mfuko wake wa nguo ambao hakuuteremsha begani. Mtu aliyekuja kucheza huwa anaweka mfuko chini. Hayo yote niliyaona. Naweza kuwachorea mpaka leo alivyosimama. Kuona niliona, ila sikusoma.

Alirudi tena jioni, akanikuta nakula na wenzangu, akaniita pembeni. Sikwenda. Nilimwambia kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba baba yangu hawezi kumtuma Mngoni wakati ana ndugu wa kutuma. Akanijibu taratibu kwamba ndugu alishawachoka. Akaondoka. Nami nikamaliza ugali wangu.

Nitakiri kitu ambacho sijamwambia mtu. Nafsini mwangu kulikuwa na mahali padogo palipotaka kuamini. Nilipaziba kama ninavyoziba pancha, nikabandika kiraka, nikapiga nyundo. Niliogopa kupanda basi lile, nifike uani kwa baba, nimkute amekaa mlangoni mzima na kabuti lake, aniulize nani amekuita. Aibu ile ya uwanja wa Iringa ilikuwa bado mbichi. Nikaona heri nidharau kuliko nichekwe tena.

Jumamosi nilicheza mechi ambayo wazee wa Mbeya waliizungumza mpaka walipokufa. Nilimfunga Severini mara kumi na moja. Siku hizo hakukuwa na saa ya kuwakimbiza watu watupe mpira, timu zilishikilia mpira mpaka watazamaji wakasinzia, na kumi na moja kwa mtu mmoja lilikuwa jambo la ajabu. Nilikwenda kushoto, yeye amebaki palepale. Nilikwenda kulia, amebaki palepale. Nilidhani nimemshinda mchezo. Watu walinibeba begani. Bwana Tairi alinibusu mashavu yote mawili mbele ya binamu yake, akasema Mbalizi ni yako.

Niliposhushwa chini nilimwona Severini ameketi juu ya boneti ya lori lao, tayari amevaa koti. Mtani aliyeshindwa huwa ana maneno mengi kuliko mshindi. Nilimngoja aanze. Nikamsogelea, nikamtania mimi. Akasema tu kwamba amemwomba dereva, lori linaondoka sasa hivi, nipande. Hapo ndipo nilipojua si utani. Nilipanda na jezi mwilini.

Njiani ndipo aliponieleza lile jambo. Baada ya kuambiwa nililia, alikwenda kijijini kwetu siku ya mapumziko, akaingia uani kwa baba bila hodi, akakamata kuku. Baba akatoka na fimbo akiuliza mwizi gani huyu wa mchana. Severini akajitaja kabila. Baba akaishusha fimbo, akacheka, na shangazi akatoka jikoni kutazama, kwa kuwa alikuwa hajamsikia akicheka tangu niondoke. Kuku yule walimla pamoja. Tangu hapo Severini alikwenda kwa baba kila mwezi, akimpelekea tumbaku na habari za mechi zangu. Baba alijifanya hasikilizi. Lakini Severini akiruka mechi moja katika kuhesabu, baba aliuliza na ile nyingine ilikuwaje.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Alinikataza. Alisema siku ikifika atakuita mwenyewe."

Mvua ilitukamata mbele ya Makambako. Lori lilizama, tukachimba, tukakata matawi, likatoka, likazama tena. Tulifika kijijini Jumapili mchana. Kutoka mbali niliona wanaume wamekaa nje kwa makundi, kofia mapajani, nikajua. Alikata roho alfajiri ya siku hiyo. Basi la Jumamosi lingenifikisha jioni yake. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi mno, na jibu halibadiliki. Shangazi aliniambia kwamba Jumamosi jioni alitaka akalishwe, na kila mbwa alipobweka aliuliza kama ni mimi. Maji yalikuwa kwenye kibuyu kidogo pembeni mwa kitanda, tangu Jumanne. Yalikuwa bado yamo.

Tulimzika Jumatatu. Wanaume wakiwa wanachimba, Severini aliingia ndani, akatoka amevaa kabuti la baba. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumwigiza marehemu, na hakuna aliyeshangaa. Alichechemea mguu uleule. Alikohoa kile kikohozi cha tumbaku. Aliwagombeza wachimbaji kwamba shimo ni fupi, wanataka akunje magoti kama mwari. Shangazi aliyekuwa akigaragara chini aliinua kichwa, akacheka na machozi yanamtiririka. Hata mimi nilicheka. Jinsi alivyomjua baba yangu, nilimwonea wivu.

Kisha akanijia. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, kama alivyosimama baba siku ya mwisho.

"Na huyu mrefu ni nani? Ni yule anayelipwa kwa kuruka," alisema kwa sauti ile ile. "Nilikuita. Umechelewa, lakini umekuja. Karibu nyumbani, mwanangu."

Akatoa kile kibuyu mfukoni mwa kabuti. Akajaza maji kinywani, akanipulizia kifuani. Wachimbaji waliweka majembe chini, kwa sababu jambo hilo halimo katika utani. Jezi yangu ililoa. Sikuivua mpaka ikakauka yenyewe.

Mengine ni mafupi. Mbalizi nilipewa, nikakaa. Nilicheza miaka miwili zaidi, na watu walisema nimekuwa mzuri kuliko zamani, lakini walikuwa wakinifariji. Kila nilipofunga nilimwona Severini amesimama palepale. Bwana Tairi akauza malori yake, akarudi kwao, uwanja ukawa maegesho, na mimi nikawa fundi tairi wa kweli kwa miaka thelathini. Severini alirudi Songea kulima. Alinitembelea karibu kila mwaka, na hakuna aliyenimalizia kuku kama yeye. Tulizungumza juu ya kila kitu. Neno moja sikumuuliza kamwe: yale maneno aliyoyasema ndani ya kabuti, je, aliachiwa na baba, au aliyatunga mwenyewe kwa kunihurumia? Mara mbili swali lilinifika mdomoni, likarudi. Nilihofia angenijibu kweli.

Alipofariki nilikwenda Songea. Nilikuwa mzee tayari, lakini zamu ilikuwa yangu. Nilivaa kofia yake. Niliigiza alivyokuwa akicheza kichwa na mabega akiwa na mpira, nikawatukana Wangoni wenzake kwa sauti yake, wakacheka vizuri. Kisha nikamwona mwanawe wa kwanza amesimama peke yake kando ya kaburi, na nikajua ni wakati. Nilimwendea. Nilifungua kinywa nimwambie neno kutoka kwa baba yake. Sikupata hata moja. Severini hakuwa ameniachia kitu cha kusema, na mwenyewe sikuweza kutunga. Nilimshika bega tu kijana yule, nikavua kofia.

Nikiwa ndani ya basi la kurudi nilifikiri kwamba labda maneno yale hayatungiki, labda yalikuwa ya baba. Kuna siku naamini hivyo, na siku hizo mnanikuta nawaita, nawaonyesha namna ya kusimama na kumtazama mtu kiunoni. Na kuna siku siamini. Hizo ndizo siku mnazopita hapa barazani, mnanisalimu shikamoo babu, na mimi sijibu. Msinikasirikie. Salimieni tena.